Usimlete Profesa Kichaa: Namna ya Kuandika Distopia ya Vinasaba

Hadithi nyingi za vijana ninazopewa nizisome zina profesa mmoja. Ana nywele timutimu, maabara yake iko chini ya ardhi, na kufikia ukurasa wa tatu anacheka peke yake. Ukurasa wa kumi kiumbe chake kimevunja kioo na kukimbilia mjini. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali utu uzima wangu wote, hapa mkoani Tanga, na mtu huyo sijamwona. Niliowaona mimi ni watu wapole, wanaoswali kwa wakati, wanaowasomesha wadogo zao, na ambao wakishashika jambo hawaambiliki. Hao ndio wa kuogopwa. Kama unataka kuandika distopia, yaani hadithi ya dunia ya kesho iliyopotoka, juu ya uhandisi wa jeni, mfukuze kwanza profesa kichaa, halafu tuendelee.

Ahadi itangulie

Distopia inayouma huanza na ahadi ambayo hata wewe mwandishi ungeipokea. Huna haja ya kubuni ugonjwa, yapo ya kutosha. Chukua selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mama anayeleta kliniki mtoto wa mwaka mmoja, macho ya manjano, vidole vimevimba, mtoto analia hata akiguswa shuka, huyo hahitaji kufundishwa maana ya kurithi. Anajua: yeye anabeba, mumewe anabeba, na kila mimba ni bahati nasibu ya moja kwa nne.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayotumia CRISPR, ule mkasi wa kuhariri jeni. Mgonjwa hutolewa seli mama za damu, zinahaririwa maabara ili mwili wake urudie kutengeneza himoglobini ile ya kichanga. Kisha anapewa dawa kali za kemo kufuta uloto wa zamani, ndipo anarudishiwa seli zake. Inafanya kazi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hapo hujabuni kitu, na hadithi tayari imekaa. Mpelekee yule mama barua: mwanawe amechaguliwa, atatibiwa bure. Sasa kaa chini ujiulize bure hiyo inalipwa na nani na kwa nini. Labda seli za mtoto zinabaki mali ya aliyezihariri. Labda huyo mtoto akikua hawezi kuzaa bila kuomba kibali, kwa kuwa ndani ya mwili wake kuna kitu chenye hatimiliki. Labda hakuna sharti lolote, ila baada ya miaka kumi watoto ambao mama zao walikataa wanaandikwa kwenye kadi ya kliniki "uzembe wa mzazi". Msomaji akifika kwenye ile barua akanong'ona "mimi ningesaini", umempata. Asiyetamani kusaini hataogopa baadaye.

Kitu kimoja tu

Sayansi ya kubuni iwe moja. Vingine viache vilivyo: foleni ya dirisha la dawa, umeme unaokatika magharibi, michango ya harusi, mwenyekiti wa kitongoji anayependa kuitwa mheshimiwa. Hadithi yenye watu wanaoruka, mbu wa roboti na watoto wenye macho sita huwa imechoka kabla ya msomaji.

Na hicho kimoja ukijue vizuri. Wengi huniandikia "jeni ya akili". Haipo. Akili, urefu, hata uelekeo wa kupata kisukari hutegemea maelfu ya tofauti ndogondogo za vinasaba, kila moja ikisukuma kidogo sana, na juu yake kuna chakula, shule na malezi. Usinune kwamba ukweli umekuharibia hadithi, umekupa nzuri zaidi. Marekani tayari kuna kampuni zinazopima viinitete, yaani mimba zikiwa bado changa kabisa, vya wazazi wanaotunga mimba kwa msaada wa maabara, kisha zinawauzia makadirio: hiki kina hatari zaidi ya maradhi fulani, kile kidogo. Basi andika mji ambao kila mtoto huzaliwa na cheti cha alama. Alama ni za kukisia, na kila mtu wizarani anajua ni za kukisia, lakini ndizo zinazopanga nani aende shule gani. Hakuna mnyama, hakuna mlipuko. Kuna mtoto mwenye alama 41 ambaye mwalimu hamnyooshei kidole ajibu swali, na baada ya miaka saba alama zimetimia.

Au chukua mbu. Kwa kawaida jeni iliyoko kwenye kromosomu moja ya mzazi huwafikia nusu ya watoto wake. Wanasayansi wamebuni namna ya kuifanya jeni ijinakili yenyewe, iwafikie karibu wote, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walionyesha kwamba mbu wa vizimbani walioingiziwa jeni ya namna hiyo walikwisha kabisa ndani ya vizazi 7 hadi 11. Vizimbani, nasema. Toka kwenye kizimba hadi bonde la Rufiji kuna nafasi ya riwaya nzima. Malaria inaua, kwa hiyo anayetaka kuwamaliza mbu hao ana hoja nzito, na usimnyang'anye hoja yake. Muulize tu jambo dogo: mbu akivuka Mto Ruvuma, nani alisaini upande wa Msumbiji?

Sauti ya ujuaji

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa zaidi.

Ujuaji wa kisayansi una sauti ya upole. Umejaa takwimu, una haraka, na mara nyingi una sifa za kweli nyuma yake. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikuwa ametunukiwa Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikuja Visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta dawa ya malale, ugonjwa uliokuwa unafyeka watu ukanda mzima wa ziwa. Dawa yake, atoksili, ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Wagonjwa walipata nafuu, nafuu haikudumu, dozi zikaongezwa, na baadhi yao wakapofuka. Soma mfuatano huo polepole, kwa sababu ni muundo kamili wa hadithi: mtu mkubwa, janga la kweli, mafanikio ya mwanzo, mafanikio yanayoteleza, kuongeza dozi. Mhusika wako mwanasayansi hahitaji dhambi nyingine yoyote. Mpe tu ule muda kati ya kuona nafuu inateleza na kuongeza dozi. Andika alichojiambia usiku huo.

Mpango wa karanga wa Kongwa nautaja kwa kupita, maana kila mtu anaukimbilia. Waingereza waliingia na matrekta mwaka 1947, wakakuta udongo unaokauka ukawa mgumu, mvua isiyotii ratiba, na mwaka 1951 wakaondoka wakiwa wamepoteza takriban pauni milioni 36. Ni kichekesho kizuri. Ila kichekesho kina kasoro kwa mwandishi wa distopia, kwamba mpango uliishindwa ardhi. Distopia inatisha zaidi pale mpango unapofaulu.

Ndiyo maana mimi huwapeleka watu Ziwa Victoria. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alipandikizwa ziwani, samaki mkubwa mwenye nyama nyingi, badala ya furu, wale wadogo wenye miba ambao wakubwa waliona hawana thamani. Ikachukua muda, kisha miaka ya 1980 sangara akajaa. Aina za furu zinazokadiriwa kuzidi mia mbili zikatoweka au zikabaki kwa kubahatisha, aina ambazo hazikuwepo popote pengine duniani. Viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya kwa ndege, fedha zikaja, ajira zikaja. Yaani walifaulu. Na mtu wa kawaida wa Mwanza akabaki akinunua mapanki, kichwa na mifupa iliyokwisha kuchunwa minofu, akayakaanga na kuyala.

Kwa kila teknolojia unayoibuni, tafuta minofu iko wapi na mapanki yako wapi. Waandishi wachanga hutuonyesha minofu: jengo la vioo, mtoto asiyeugua, ngano inayoota jangwani. Simama nyuma ya kiwanda, upande wa harufu. Kama watu wako wanahariri viinitete, vile visivyochaguliwa vinawekwa wapi, nani analipia umeme wa friji, na wazazi wakigombana vinarithiwa na nani?

Somo jingine lipo China. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwa video za YouTube kwamba wamezaliwa mapacha wa kike, aliowaita Lulu na Nana, ambao yeye alihariri jeni yao ya CCR5 wangali viinitete ili wasiweze kuambukizwa VVU. Baba yao alikuwa anaishi na VVU. Njia ya kuosha mbegu za kiume, inayomwezesha baba wa namna hiyo kupata mtoto salama, ilikuwepo tayari na ilikuwa inajulikana. Mabadiliko aliyoyapata ndani ya jeni wala hayakuwa yale yale yanayojulikana kwa watu wenye kinga ya kuzaliwa. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni 3.

Wote huandika hukumu. Mimi ningeandika fomu. Fomu ya ridhaa waliyosaini wazazi iliuita mradi ule kazi ya kutengeneza chanjo ya UKIMWI. Chanjo! Nani hasaini chanjo? Fanya mazoezi hapo: andika fomu ya ridhaa ya dunia yako, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kile cha ofisini kinachotumia "muhusika" na "endapo" na "bila kuathiri haki". Ufiche ukatili wote ndani ya kifungu kidogo kimoja, kisha uendelee na mahali pa kuweka dole gumba. Ukiweza kuifanya fomu hiyo imtishe msomaji pasipo neno moja la kutisha, una mkono wa kazi hii.

Na usidhani tabia hii imetufikia jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 madaktari wa Kizungu jijini Nairobi, akiwemo H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, walipima mafuvu na ubongo wa Waafrika wakitaka kuonyesha kwamba upungufu wa akili umo katika asili yao. Mwaka 1933 kikaanzishwa chama cha walowezi cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Walikuwa na majedwali. Walikuwa na wastani wa gramu. Kama unahitaji lugha ya wizara yako ya kubuni, sikiliza namna hiyo ya kusema: haitukani mtu, inahesabu tu.

Maabara yenyewe

Fupi, kwa kuwa watu huizidisha. Maabara halisi ni kidole gumba kinachouma kwa kubonyeza pipeti mchana kutwa. Ni friji la nyuzi 80 chini ya sifuri linalolia kila umeme unaporuka, na mlinzi anayekimbia kuwasha jenereta. Ni vikasha vyenye vichupa mia, namba zimeandikwa kwa wino mzito, na barafu inayofuta wino. Namba 6 na namba 9 zikichanganywa, hakuna king'ora kinacholia. Jibu linatoka safi, limechapwa, lina muhuri. Hofu yote ninayoijua mimi imo kwenye majibu safi yenye muhuri.

Tuijenge moja pamoja

Nitumie muhogo, kwa sababu ndio ninaoula. Kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara hapa kwetu, ndiko wataalamu wa Kiingereza miaka ya 1930 walikouchanganya muhogo na ndugu yake wa mpira ili kupata mbegu zinazohimili magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Hayo yalikuwa mambo ya poleni na subira. Siku hizi ni jeni: mwaka 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa bidhaa hizo iliidhinisha muhogo uliohandisiwa kuhimili michirizi kahawia. Sina ugomvi na muhogo huo. Michirizi ni ugonjwa mbaya kwa namna ya pekee: majani yanaweza kukudanganya kwamba shamba lina afya, ukamenya ukakuta ndani kumekauka, kahawia, haufai hata kwa nguruwe.

Jambo moja la kubadilisha: muhogo haupandwi kwa punje. Unakata pingili za shina, unamgawia jirani, anachomeka ardhini. Bure, tangu enzi. Mwaka 1998 Marekani ilitoa hatimiliki ya teknolojia ya kufanya mbegu za mazao zisiote tena msimu wa pili. Haikuwahi kuingizwa sokoni. Mimi naihamishia kwenye shina. Mwaka ni 2058, wilaya ya Muheza, muhogo unaitwa Neema, hauugui, unazaa mara tatu ya Kibandameno, mbegu ya zamani. Ila pingili yake haitoi mizizi mpaka ichovywe kwenye dawa inayouzwa na wakala.

Rasimu ya kwanza ya mtu yeyote itakuwa hivi:

"Serikali katili ilitumia teknolojia ya vinasaba kuwanyonya wakulima, na watu waliishi kwa hofu kubwa."

Hakuna mtu humo ndani. Jaribu hivi:

"Mwanakombo alikata pingili sita, akazifunga kwa ukamba wa mgomba, akampelekea Bi Zaina uani. Bi Zaina hakunyoosha mkono. 'Zimelipiwa?' Mwanakombo akacheka. Bi Zaina hakucheka. Alitazama kwanza njia ya kwa mwenyekiti, kisha akasema kwa sauti ya chini, 'Ziache hapo chini ya mwembe, mwanangu. Mimi sijaziona.'"

Sheria haijatajwa, faini haijatajwa, na msomaji anajua zote mbili. Ujirani umegeuka magendo. Usiongeze sentensi ya kufafanua. Najua vidole vitakuwasha.

Sasa mwanasayansi. Mwite Dk. Mhina, mtoto wa Korogwe, alikula ugali wa shida utotoni, ndiye baba wa Neema na ana haki ya kujivuna kwa sababu njaa imekwisha kweli. Mkalishe na bwana shamba mstaafu:

"'Shikamoo mzee wangu. Nimesikia una wasiwasi.'

'Marahaba. Wasiwasi wa kizee tu, daktari. Hicho kirusi hakiwezi kuizoea Neema?'

'Uwezekano wa kirusi kuvunja kinga katika shina moja ni moja kwa milioni kumi. Tumepiga hesabu.'

'Alhamdulillahi. Na mashina mmepanda mangapi?'

'Mpaka msimu huu, milioni mia nane.'

Mzee alikoroga chai yake, ingawa haikuwa na sukari."

Daktari hakudanganya. Hesabu zake ni sahihi, na jibu la hatari amelitoa kwa mdomo wake mwenyewe pasipo kulisikia. Hiyo ndiyo sauti ninayoisema. Ukiipata hutahitaji kicheko cha ukurasa wa tatu.

Baada ya hapo hadithi inajiteremsha. Kwa kuwa kila pingili ni nakala ya shina mama, Neema yote Muheza nzima ni mmea mmoja uliorudiwa, na kirusi kikipata ufunguo wa mlango mmoja kimezipata nyumba zote. Mbegu za zamani ziling'olewa kwa amri mwaka wa tatu wa mpango, kwa nia njema, zisiwe maficho ya ugonjwa. Usionyeshe shamba linaloungua. Onyesha Mwanakombo jikoni, amebandika maji, anamenya wa kwanza, kahawia. Wa pili, kahawia. Na nje majani ya kijani yanapunga. Kisha mpeleke kwa Bi Zaina, kwa sababu kama kuna Kibandameno imebaki duniani, imejificha kwenye kona ya mtu aliyezoea kusema "mimi sijaziona".

Mwisho wa hadithi hiyo sikupi. Nitakwambia tu usimlete Dk. Mhina aje kuomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wa aina yake huunda kamati.

Kabla hujaituma kwa watu

Msomee mtu wa maabara mmoja na mkulima mmoja. Wa maabara atakurekebisha sayansi, na hilo ni rahisi kulipokea. Mkulima atakwambia kwamba pingili hazikatwi msimu huo, na hapo unyamaze uandike.

Kisha jambo la usalama. Hadithi za namna hii zina tabia ya kukatwa kipande na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni taarifa, hasa ukiandika vizuri. Nimeshaletewa kliniki kipande cha hadithi ya mtu na mzazi aliyekuwa anakataa mwanawe atolewe damu. Kwa hiyo weka mwaka wa mbali ndani ya aya ya kwanza, usiuweke kwenye kichwa pekee, maana kichwa ndicho kinachokatwa. Kampuni iwe ya kubuni, chanjo iliyopo kweli usiiguse, na neno HADITHI liandike juu na katikati. Ile fomu ya ridhaa uliyoitunga isitoke kama picha yenye muhuri na nembo inayofanana na ya wizara. Iache iwe maandishi ndani ya hadithi, na jina la mhusika wako chini yake.